Kimeng'enya na Ulimi wa Baba

Baba yangu alifunza Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka 33. Alinifunza ngeli kabla sijang'oa meno ya utotoni, na niliposema "kitabu hii" hakunichapa. Alinitazama tu kwa huzuni, kana kwamba nimevunja chombo cha mtu. Basi asubuhi moja ya Aprili mwaka 2023, nyumbani kwetu Nyanchwa, kwenye kilima kinachouinamia mji wa Kisii, mzee huyu aliketi mezani, akaunyosha mkono wa kuume kuchukua kikombe cha chai, nacho kikamponyoka. Alifungua kinywa kuomba radhi. Kilichotoka hakikuwa Kiswahili, wala Ekegusii, wala Kiingereza.

Mama alidhani ni mzaha. (Msomaji asiyekuwa wa kwetu na ajue kwamba katika Ekegusii "baba" ni mama, na "tata" ndiye baba. Miaka yangu ya kwanza shuleni niliamini kwamba vitabu vya Kiswahili vina makosa ya uchapaji. Katika makala haya nayatumia maneno hayo kwa maana ya Kiswahili, ingawa moyoni mwangu yule ni Tata.)

Hospitalini tulikomkimbiza, daktari kijana alituonyesha picha ya kichwa, akaweka ncha ya kalamu upande wa kushoto, akanena sentensi tatu za Kiingereza, kisha akaelekea kwa mgonjwa mwingine. Sikusudii kumlaumu, foleni ilikuwa imefika langoni. Baba alitikisa kichwa kwa adabu, kama mwalimu anayemsikiliza mkaguzi wa shule. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba hakuelewa kitu. Mimi nami, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nilielewa neno moja tu: kiharusi. Tulirudi nyumbani baada ya wiki mbili tukiwa na mfuko wa dawa na neno hilo moja.

Neno moja halitoshi kuuziba mdomo wa kijiji. Jioni ya kuamkia siku ile, ajuza mmoja jirani yetu, mjane, alikuwa amemletea Baba maziwa, kama alivyozoea kufanya kwa miaka mingi. Kabla ya mwezi kuisha nilikuwa nimesikia habari ya maziwa hayo mara tatu, kwa sauti ya chini, kutoka kwa watu watatu wasioishi nyumba moja. Wasomaji wanaotoka Kisii na Nyamira hawahitaji kuelezwa minong'ono ya namna hiyo huishia wapi. Mnamo Mei 2008 watu 11 waliteketezwa kwa moto katika eneo la Kisii kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wakiwa wanawake wazee. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani, si mbali na kwetu, wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Nyumba ya jirani yetu imeezekwa kwa mabati, mlango wake ni wa mbao, na anaishi peke yake.

Aliyeniuliza swali la maana kupita yote ni Baba mwenyewe. Ulimi wake ulikuwa umeanza kurejea, kwanza kwa Ekegusii, kisha kwa Kiswahili, neno moja moja kama mtu anayeokota shanga gizani. Alisema: "Damu... ilirudi. Mbona... maneno?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Ikiwa mshipa uliziba kisha ukazibuka, na damu ikapita tena, kwa nini maneno hayakurudi pamoja na damu? Mja anayenyimwa chakula kutwa nzima hafi. Hupewa uji akainuka. Nilimwahidi kwamba nitamtafutia jibu. Binamu yangu anayesomea udaktari akaniazima vitabu viwili, na katika kitabu cha pili nikakutana na kimeng'enya ambacho kimenishughulisha kuliko tasnifu yangu, msimamizi wangu na anisamehe.

Seli mbili za neva hazigusani. Kati yao pana mwanya mwembamba uitwao sinapsi. Tulivyofunzwa katika shule ya upili ni kwamba seli ya kwanza huhifadhi kemikali ya ujumbe ndani ya vifuko vidogo, huimwaga mwanyani, nayo hudakwa na vipokezi vya seli ya pili. Ni mfano wa barua: ina bahasha, ina anwani, na kuna mlango wa kubishwa. Oksidi nitriki haifuati desturi hiyo hata kidogo. Ni gesi, atomu moja ya nitrojeni iliyoshikana na atomu moja ya oksijeni. Haina bahasha kwa kuwa hakuna mfuko uwezao kuizuia. Hupenya utando wa seli kama harufu ya ndizi za kuchoma inavyopenya pazia. Haiwekwi akiba. Huundwa pale inapohitajika, hutawanyika pande zote, na baada ya sekunde chache imekwisha kutoweka. Huweza hata kurudi nyuma, kutoka kwa seli iliyopokea ujumbe hadi kwa ile iliyoutuma, kana kwamba msikilizaji anamwambia msimulizi: nimesikia, endelea. Sisi wa fasihi simulizi tunamjua mwitikiaji huyo. Bila "pakawa" yake, mwenye "paukwa" hunyamaza. Si ajabu basi kwamba wataalamu wanaihusisha gesi hii na kujifunza na kukumbuka.

Ilichukua muda mrefu watu kuiamini habari hii, kwa sababu oksidi nitriki ilijulikana zaidi kama uchafu utokao kwenye moshi wa magari. Mwaka 1987 Salvador Moncada, mzaliwa wa Honduras aliyefanya kazi Uingereza, na wenzake walionyesha kwamba ukuta wa mshipa wa damu huitoa gesi hii ili mshipa ulegee. Mwaka 1988 John Garthwaite na wenzake walionyesha kwamba seli za ubongo nazo huitoa zinapochochewa na glutamati. Miaka miwili baadaye, mwaka 1990, David Bredt na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore walikitenga kimeng'enya chenyewe kutoka katika ubongo wa panya, wakagundua kwamba hakifanyi kazi asilani bila protini nyingine iitwayo kalmodulini. Tuzo ya Nobel ilipotolewa mwaka 1998 kwa ajili ya gesi hii, waliopewa ni Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad. Moncada aliachwa nje, na wengi walinung'unika. Sisi tuliomsubiria Ngũgĩ wa Thiong'o miaka nenda miaka rudi hadi alipotutoka Mei 2025 tunajua manung'uniko ya aina hiyo yana ladha gani.

Tukirudi kwenye kimeng'enya, nilifanya alivyotufunza Baba kufanya, nikaenda kamusini. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ni hazina, na sitamvumilia mtu anayesema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Maneno tunayo. Hata hivyo, baada ya siku mbili nilikuwa na daftari lililojaa nomino, protini, atomu, elektroni, seli, utando, na bado sikuweza kumweleza Baba lolote. Nilikuwa na orodha ya wahusika bila hadithi.

Neno lenyewe "kimeng'enya" lilinitatiza. Limetokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja chakula tumboni kiwe laini. Nilipomtamkia Baba, alikunja uso na kushika tumbo kwa mkono wake mzima. "Hapa," alisema. Kisha akagusa kichwa. "Si hapa." Mwalimu ni mwalimu. Alikuwa na haki, maana kazi ya kimeng'enya hiki cha ubongoni ni kuunda. Ila nilipoendelea kusoma niliona kwamba naye hakuwa na haki yote: kimeng'enya hiki huunda kwa kunyofoa. Huishika arginini, asidi ya amino ambayo sisi tunaipata kwenye njugu, maharagwe na nyama, huinyofoa atomu moja ya nitrojeni, huiunganisha na oksijeni tunayovuta puani, na mabaki yake huwa kitu kiitwacho sitrulini. Kuvunja na kuunda ni tendo moja. Mzizi wa neno ulikuwa sahihi kwa nusu, na nusu hiyo imo katika vitenzi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kufunguka. Niliziacha nomino, nikauliza: nani anamfanya nani nini? Kiswahili kilinijibu mara moja, kwa sababu lugha yetu ni bingwa wa mnyambuliko. Glutamati inapomwagika, hukibisha kipokezi kiitwacho NMDA. Kipokezi hufunguka na kuipenyeza kalsiamu ndani ya seli. Kalsiamu hushikana na kalmodulini, chembe nne kwa kila kalmodulini moja. Kalmodulini iliyoshika kalsiamu hukikumbatia kimeng'enya na kukizindua. Kimeng'enya nacho hakikai mbali na mlango. Kimefungwa kwa protini nyingine karibu sana na kile kipokezi, kama bawabu aliyetandika mkeka kizingitini. Kalsiamu ikipungua, kalmodulini huachia, na kazi hukoma. Fungua, penyeza, shikana, kumbatia, zindua, achia. Hakuna hata kitenzi kimoja kati ya hivyo nilichokiazima.

Kwa ndani, kimeng'enya hufanya kazi kikiwa pacha: protini mbili zilizoshikamana, kila moja kwa binadamu ikiwa na asidi za amino 1,434. Kila pacha ana sehemu mbili. Sehemu moja hupokea elektroni kutoka kwa molekuli iitwayo NADPH. Sehemu ya pili ina atomu ya chuma, kama ile iliyo ndani ya damu yetu, na hapo ndipo arginini na oksijeni hukutanishwa. Jambo lililonishangaza ni kwamba elektroni za pacha wa kwanza haziendi kwenye chuma chake mwenyewe. Huvuka zikaenda kwenye chuma cha ndugu yake, na za ndugu zikaja kwake. Pacha mmoja pekee hawezi kitu.

Jioni moja ya Mei tulikuwa barazani mvua ikinyesha. Mvua ya Kisii haiji bila radi, na kila mtu wa huku anamjua mtu aliyepigwa, au ng'ombe aliyepigwa. Radi ilipasuka upande wa mjini, nami nikakumbuka nilichosoma usiku uliotangulia: joto la radi, linaloweza kufika takribani nyuzi 30,000, hutenganisha nitrojeni na oksijeni za hewani na kuzifanya zishikane upya, na zao lake ni gesi ile ile, oksidi nitriki. Atomu mbili za nitrojeni ya hewani zimefungamana kwa vifungo vitatu. Kuzitenganisha kunahitaji moto wa namna hiyo. Kimeng'enya hukwepa vita hivyo. Huchukua nitrojeni ambayo tayari imelegezwa ndani ya arginini, na huifanya kazi yake katika nyuzi 37, kimyakimya, tunapotafuta neno. Nilimweleza Baba hayo kwa furaha ya mtu aliyepata sitiari. Alinitazama kwa muda mrefu, upande mmoja wa mdomo ukatabasamu.

"Kwa hivyo... nilipigwa... na radi?"

Tulicheka sote wawili. Laiti ningaliiacha sitiari hiyo pale barazani.

Mwezi wa Juni wazee wa ukoo walikuja "kumwona mgonjwa". Mama alipika chai, akatoa ndizi, akakaa karibu na mlango. Haikuchukua dakika kumi kabla ya maziwa kutajwa. Baba mdogo, fundi wa ujenzi, mtu mkarimu aliyenilipia karo ya muhula mmoja mzima, ndiye aliyeyataja. Nikaomba ruhusa ya kusema. Nilianza na seli, nikafika kwenye gesi, na kwa kutaka kuwavutia nikasema kwamba kilichotokea kichwani mwa Baba ni kama radi ndogo.

"Radi hutumwa, kijana," alisema Baba mdogo kwa upole.

Sebule ilinyamaza. Nimesoma nadharia za sitiari kwa mihula miwili na hakuna aliyenionya kwamba sitiari hubeba imani za wasikilizaji, za msemaji akiziacha nyuma. Nilikuwa nimeuwekea uvumi wao msingi wa saruji.

Nilianza upya. Nikamwuliza Baba mdogo jinsi wanavyopandisha matofali ghorofani mahali pasipo na mashine. Alieleza: vijana hujipanga kwenye ngazi, wakarushiana tofali mkono kwa mkono, kila mmoja akimpokea wa chini na kumpa wa juu. "Na yule wa katikati akigeuka mgongo?" "Kazi imesimama." Nikamwambia kwamba kimeng'enya hiki ni kikosi cha namna hiyo, vikosi viwili vinavyorushiana kimoja kwa kingine, na kwa kawaida yule wa katikati amegeuka mgongo. Kalmodulini ikimgusa bega, hugeuka, matofali hupita. Ikiondoa mkono, hugeuka tena, kazi hukoma. Kwa mtu mzima wa afya hugeuzwa kidogo tu, ikatoka gesi ya kutosha kupeleka ujumbe. Sasa mshipa ukiziba, seli zinakosa nguvu za kuizuia glutamati, nayo humwagika kama pipa lililopasuka. Milango yote hubaki wazi. Kalsiamu hufurika. Mkono hauondoki begani. Matofali hurushwa bila kukoma, na hakuna tena anayejenga. Gesi nyingi hukutana na oksijeni iliyoharibika, iitwayo superoksidi, zikazaa sumu iitwayo peroksinitriti, ambayo huichoma seli kutoka ndani. Damu ikirudi baadaye huleta oksijeni zaidi, na oksijeni hiyo huweza kuuchochea moto huo. Ndiyo maana maneno hayakurudi pamoja na damu. Nilikuwa nikiwaeleza wazee, lakini nilimtazama Baba, kwa kuwa swali lilikuwa lake.

Niliwaambia pia kwamba hili si jambo la kukisiwa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya panya waliofugwa bila jeni ya kimeng'enya hiki cha neva: mishipa yao ya ubongo ilipozibwa, sehemu iliyokufa ilikuwa ndogo kuliko ya panya wa kawaida. Kwa nini basi tusikizuie kwa dawa, aliuliza mzee mmoja. Kwa sababu kina ndugu yake katika ukuta wa mshipa wa damu, naye huyo, kwa gesi ile ile, huulegeza mshipa na kuinusuru seli. Ukimfunga mmoja ovyo umewafunga wote. Dawa moja, nerinetaidi, iliyobuniwa kuukata ule ufungo kati ya kimeng'enya na mlango wake, ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa kiharusi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonyesha nafuu kwa jumla.

Baba mdogo alisikiliza yote. Alikuwa ameelewa, niliona kwa namna alivyokuwa akichezesha mikono kama anayedaka tofali. Kisha akauliza swali ambalo hakuna kitabu cha binamu kilichokuwa kimenitayarisha kulijibu.

"Sawa. Na aliyeuziba mshipa ni nani?"

Nilikuwa nimeeleza vipi. Yeye alitaka nani. Sikuwa na la kusema. Mama aliangalia sakafu.

Baba aliinua mkono wa kushoto, kama alivyokuwa akiwanyamazisha wanafunzi. "Tembe," alisema. Tulingoja. "Za shinikizo... la damu. Niliacha." Alivuta pumzi. "Miezi... miwili. Mimi."

Mama alilia. Hakuna aliyekuwa amejua. Tembe zilikuwa ndani ya kikopo cha rangi nyuma ya redio, zaidi ya nusu, na sababu yake ya kuziacha ilikuwa ndogo hata naona aibu kuiandika: alijisikia vizuri, na pesa zilihitajika kwingine. Kwingine huko kulikuwa karo yangu ya chuo.

Wazee waliondoka kabla ya magharibi. Baba mdogo alipita kwa yule jirani akamsalimia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Aprili. Sijui kama aliamini. Najua kwamba sijasikia tena habari ya maziwa, na kwamba maziwa yanaendelea kuja.

Makala haya Baba ameyasoma kabla yenu, kwa muda wa siku nne, akiwa ameshika kalamu mkono wa kushoto. Amesahihisha upatanisho wa kisarufi mahali pawili. Penye neno "kimeng'enya", mara ya kwanza linapotajwa kwa kazi ya ubongoni, amelipigia mstari na kuandika lingine pambizoni. Linaanza na "kiu" na kuishia na "ji". Katikati yake mkono ulitetemeka, sijaweza kulisoma, nami nimeliacha lile la kamusi hadi atakapolitamka.